Mkanda Ndani ya Injini

Zaina mwanangu,

Ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutosimama njiani kwa kila anayepunga mkono, hayo Mama yako atakuambia asubuhi, na akimaliza ataanza tena. Mimi siingilii kazi yake. Sasa hivi yuko jikoni anaponda ndizi za lituma ya njia, na unajua amekalia nini? Hajakalia kibao chake. Amekalia mfuko wa funguo zetu za bolti. Amenipokonya. Amesema nikiutaka nimwinue kwanza, na mgongo wangu huu unaujua.

Wewe umekwenda Makiso kuaga rafiki zako. Baiskeli ya toleka itakurudisha watu wakiwa wameshaanza kujaa uani, tutakula, tutacheka, na mimi sitapata nafasi. Hata nikiipata, tangu jana wewe na mimi hatuongei vizuri. Kila nikifungua mdomo unaona natafuta njia ya kukuchelewesha. Huenda ni kweli. Ndiyo maana naandika, ili usome mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hujawahi kunifanyia tangu ulipojua kusema.

Jana tulipowasha injini baada ya kufunga kila kitu, ulipiga makofi, na watoto wa jirani wakapiga nawe. Mimi nikasikia inagonga.

“Zaina, kuya hapa. Weka sikio. Iko inagonga.”

“Wapi, Papa?”

“Huku chini. Tok, tok. Hausikie?”

Uliweka bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, kama nilivyokufundisha, ukafumba macho. Ulisikiliza kwa moyo wako wote, hilo sikunyimi. Kisha ukaisingizia pampu ya dizeli, ukasema, “Ile ni pompe ya mazout, Papa. Inafanyaka vile siku yote.”

“Hapana. Ni ku bielle. Donc tunafungua tena.”

“Tena? Mara ya ngapi? Na joint ingine ya kuziba mafuta tutatosha wapi? Bon, Papa, sema tu kama hautaki niende ku Buta.”

Nilimwita Tonton Bosco, maana huyo jirani yetu anatengeneza injini za mitumbwi na hajawahi kunionea haya kwa lolote. Alisikiliza mbele, akasikiliza chini, akafuta mikono, halafu akanitazama mimi. “Moteur eza malamu, vieux,” alisema. “Tika mwana akende.” Injini ni nzima, mwache mtoto aende. Wewe ulisikia hayo ukaridhika. Hukuona alivyonishika bega alipokuwa akitoka, vile watu wanavyomshika mfiwa.

Baba yako mzazi, mdogo wangu Radjabu, alikufa na lori hili, kamio letu, kwenye kilima cha baada ya Banalia. Hilo unalijua tangu una akili. Ya mkanda pia umeyasikia, maana mji mzima uliyasikia, ila uliyasikia kama kichekesho, kwa jinsi mimi mwenyewe nilivyoyasambaza. Kesho unapita kilima kile ukiwa kwenye usukani ule ule, unakwenda kwa mwanamke niliyemrudishia mume amekufa. Nataka uyasikie tena, bila kichekesho safari hii.

Tulikuwa tunarudi kutoka Buta na shehena ya mchele, watu wamekaa juu yake kama kawaida, injini ikaanza kugonga katikati ya msitu. Tukaingia chini, tukafungua kata, ile sufuria ya mafuta iliyo tumboni mwa injini, tukakuta kusine moja imekwisha kabisa. Wewe kusine umezibadilisha kwa mikono yako, unajua kwamba ni kale kapete laini kanakozuia biele, mkono wa pistoni, isisagane na chuma kinachozunguka. Pasipo hako, injini inajila yenyewe. Ya akiba hatukuwa nayo. Nilikaa chini nikashika kichwa, na Radjabu akaanza kujifungua suruali.

“Yaya, toa kisu,” akaniambia mimi kaka yake.

“Ya nini? Uko unavua mbele ya wamama?”

“Mukaba yangu. Iko ngozi ya ngombe ya kweli, haiko plastique. Tukate.”

Jambo hilo hatukulibuni sisi. Madereva wa zamani wa barabara zetu walilifanya kabla hatujazaliwa. Unakata ngozi kwa upana wa kusine, unailoweka kwenye mafuta, unaifunga mahali pake, unaendesha polepole kama umebeba mayai. Kazi yake ni kukufikisha nyumbani tu, na ukifika unaitoa. Radjabu alijifunga suruali kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, na abiria walimcheka mpaka Kisangani. Na yeye alicheka nao. Alikuwa mtu wa hivyo, ukimcheka anakusaidia.

Tulifika, na injini ilikuwa tulivu kuliko ilivyokuwa tulipoondoka. Kesho yake nikaenda mjini kutafuta kusine. Kabla sijafika dukani, habari zilikuwa zimenitangulia. Madereva walinizunguka penye maegesho, wakaninunulia chai, wakaniita mécano ya mukaba, fundi wa mkanda. Nikasimulia. Wakaja wengine, nikasimulia tena, na sasa mkanda ukawa mrefu kidogo na msitu ukawa mkubwa kidogo. Mtu mmoja alitoka bandarini makusudi kuja kusikia injini inayotembea na mkanda wa suruali. Nikarudi nyumbani jioni mikono mitupu. Radjabu alinitazama mikono, akaona sina kusine, akanyamaza.

Hapo pananihangaisha mpaka leo, alivyonyamaza. Kwetu mdogo hakagui kazi ya mkubwa. Nikisema bolti imekazwa, imekazwa. Akishika ufunguo kwenda kuangalia nilichokaza mimi, amenitukana mbele ya watu. Ndivyo tulivyolelewa, na kamwe sikuona ubaya wake. Baada ya kitambo alisema tu, “Iko inatembea kama montre, Yaya. Tuongeze safari moja.” Kama saa ya mkononi, eti; alikuwa ananirahisishia. Na yeye hakununua mkanda mwingine. Aliendelea na mpira wake, kwa kuwa kichekesho kilikuwa chetu wawili na alikipenda.

Watu baadaye walisema ulikuwa umaskini. Niliwaacha waseme hivyo, maana umaskini hauna aibu. Kusine ningeipata, Zaina. Sikutaka kuitoa ile ngozi, kwa sababu siku nikiitoa ningerudi kuwa fundi kama mafundi wengine.

Basi tukaondoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mizigo, karibu na kabini, aliniambia baadaye kwamba injini iligonga tangu tulipovuka mto pale Banalia. Aliisikia vizuri, akadhani ndivyo inavyolia siku zote. Mimi niliyekuwa nimeikalia sikusikia kitu. Nilikuwa namsimulia mtu aliyekaa kando yangu habari ya mkanda.

Kwenye kilima biele ikakatika, ikatoboa ubavu wa injini. Breki za kamio letu zinaishi kwa injini, nayo ikifa unakanyaga ukuta. Tukaanza kurudi nyuma. Radjabu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya ubavuni na lile gogo la kuzuia gurudumu tunaloliita cale, kama kila safari, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa usukani na yeye mtu wa gogo. Nikapiga kelele, “Cale! Radjabu, cale!” Akaruka. Nilimwona kwenye kioo. Ule mpira ulikuwa umefunguka aliporuka, akawa ameshika suruali kwa mkono mmoja, na gogo analisukuma kwa mkono uliobaki. Akaliweka mahali pake, lakini udongo ulikuwa na mvua na mkono mmoja hautoshi. Gurudumu likalisukuma gogo, gogo likamwangusha. Kamio lilisimama baada ya kumpita.

Tulimrudisha tukamzika. Mama yako mzazi akapewa nguo zake, akazikunjua moja moja, mpaka akaufikia ule mpira. Aliushika muda mrefu. Kisha akaniuliza mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Shemeji, mukaba ya bwana yangu iko wapi?”

Ilikuwa imebaki njiani, vipande vipande ndani ya mafuta meusi. Baada ya arobaini alirudi kwao Buta, na kikao cha ukoo kikaamua wewe ubaki kwetu, mtoto wa ndugu ni wa nyumba. Ulikuwa ndiyo kwanza umeacha kunyonya. Nilikubali haraka kuliko wote, na mpaka leo sijui kama nilikuchukua kwa upendo au nilichukua kitu cha kushikilia. Upendo ulikuja, hilo nakuhakikishia. Ulikuja hata bila kuombwa, na mdomo wako huo.

Tangu hapo anakuja. Sisemi mzimu, imamu alinikataza kusema hivyo, na Mama yako amenipeleka pia kwa watu wa maombi wa kanisani bila imamu kujua. Anakuja usingizini, au mchana nikiwa nimekaa tu. Anasimama kando ya kamio, mkono mmoja umeshika suruali isianguke. Hana hasira na wala hasemi neno. Ananitazama mikono, kama siku ile niliyorudi kutoka mjini, na ana aibu ya kuomba. Ingekuwa ananilaumu ningemjibu, ningejitetea, ningelia. Hiyo aibu yake ndiyo inanimaliza.

Kamio likavutwa mpaka hapa uani Kabondo likakaa. Kuku wakatagia kwenye kiti cha dereva. Wewe ukakua unacheza chini yake, na siku moja nilikukuta umelala tumboni mwake, uso umejaa grisi, unagonga bolti kwa jiwe. Nilikuvuta mguu nikakupiga kofi. Ulidhani ni kwa sababu ya gauni la sikukuu. Zaina, nilikuwa ndani nikasikia kugonga, nikatoka mbio, na nilipoinama niliona miguu tu imelala karibu na gurudumu. Kofi lile lilikuwa la hofu, nalo likampata mtoto. Sijawahi kukuomba msamaha kwa sababu wazazi wa kwetu hawaombi. Nakuomba sasa.

Kesho yake ulirudi pale pale na jiwe lako. Kichwa kigumu kama nini. Basi nikaleta funguo, nikakuonyesha bolti inafunguka upande gani, na siku ile nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Nimekufundisha yote ninayoyajua. Tuliitoa injini mbovu, tukaenda kuchukua nyingine kwenye kamio lililokufa kule njia ya Ubundu, tukaileta kwa mkokoteni, watu wa mtaa wakituuliza tunamzika nani. Kila pete na kila msumari wa injini hii umepita mikononi mwako. Hakuna kitu hata kimoja ndani yake kilichokuwepo siku ile kilimani. Na bado mlio ninaousikia ni ule ule.

Nimeufikiria sana, na nimefika mahali ambapo sipapendi. Wakati ule injini iligonga nami sikusikia. Leo pengine haigongi, nami nasikia. Sikio ni lile lile moja. Kama lilinidanganya nilipokuwa na furaha, kwa nini nisadiki halinidanganyi nikiwa na hofu? Nimekuwa fundi maisha yangu yote, na siwezi tena kujua kama injini iliyo mbele yangu ni nzima au ni mbovu. Kwa fundi, hilo ni kama kuacha kuitambua sura ya mtoto wako.

Utatengeneza mambo mengi njiani kwa mkono wako, kwa waya, kwa sabuni, kwa ngozi ikibidi, na utafika, kwa sababu una akili kuliko mimi. Ukifika, itoe siku ile ile. Itoe hata kama inatembea kama montre, na hasa ikiwa watu wamekuja kuitazama. Na kazi uliyoifanya mwenyewe, tafuta mtu asiyekupenda sana aisikilize. Wanaokupenda watanyamaza.

Nimebakisha la leo, na hili ndilo lililonikalisha kuandika.

Ulipoondoka tu, Mama yako naye akiwa sokoni, niliingia chini ya kamio. Niliuweka ufunguo kwenye bolti ya kumwagia mafuta. Nikajiambia nakagua. Halafu nikajiuliza, mzee, unakagua au unaharibu? Kwa sababu mafuta yakimwagika kesho hakuna safari, na kesho kutwa ningepata sababu nyingine, na nyingine tena, mpaka mama yako mzazi achoke kukungoja. Mkono ukazungusha. Tone la mafuta likaniangukia kifuani. Nililala pale nikitazama doa linavyoenea kwenye shati, na nakuapia sikujua mkono wangu unataka nini. Naogopa, mwanangu. Naogopa kilima kile. Naogopa kumwona yule mama anakunjua tena nguo za mtu wake, na kuniuliza tena swali nisiloweza kulijibu. Lakini naogopa zaidi kuona kwamba mtu anaweza kukupenda hivi na bado akawa chini ya gari lako na ufunguo.

Nikaikaza. Nikatoka nikaenda kunawa, na nikiwa nanawa nikawa sina hakika kama nimekaza. Nikarudi, nikakaza tena, nikatoka, hakika ikapotea tena kabla sijafika penye maji. Mama yako alinikuta naingia tena. Alichukua funguo akaenda nazo jikoni.

Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, lakini baada ya yale ya jana ungesema, “Papa, ni mayele yako tena.” Ungeuona ujanja wangu tu, ungekasirika, ungewasha injini na kuondoka bila kuangalia, ili kunionyesha. Nakujua. Mimi ndiye niliyekulea.

Kwa hiyo nisikilize. Asubuhi usiwashe kwa sababu Papa amesema iko tayari. Ingia chini wewe mwenyewe. Kagua bolti ya mafuta, kagua kata yote, kagua kila mahali ambapo mkono wangu ungeweza kufika leo. Fanya mbele ya majirani, mbele ya Tonton Bosco, mbele ya Mama yako, na usione haya. Najua watasema mtoto anamkagua baba yake. Waseme. Radjabu alinipa heshima yangu yote, na mimi nilimwacha aniheshimu hivyo. Wewe usinipe hiyo. Nakuomba kama baba, ninyime.

Mimi nitapiga magoti nje nikumulikie. Sitasema hapa wala pale. Ukikuta pamelegea, kaza, na usiniambie kamwe. Ukikuta pako sawa, toka, sema bismillahi, panda.

Utakapowasha nitakuwa nimesimama karibu na mlango wako. Usiniulize kama bado nasikia. Nitasema ndiyo. Wewe nenda.

Papa yako